Tenga la Mama na Gari Jekundu

Kila jioni, Jastin akishavua sare za shule na kunywa chai, kazi yake ilikuwa moja: kukung'uta matenga ya mama yake, kuyaosha, na kuyaanika ukutani nyuma ya nyumba yao ya Kilakala. Mama yake, Agnes, alikuwa muuza matunda katika soko la mjini Morogoro. Machungwa na mapesheni aliyafuata kijijini kwao, juu milimani, ukishapita Mkuyuni. Matunda hayo yalishuka mjini ndani ya matenga ya mianzi yaliyosukwa na Bibi, mama mzazi wa Agnes.

Matenga ya machungwa yalikuwa makubwa, yote ya kipimo kimoja. La mapesheni lilikuwa moja tu, tena dogo, kwa sababu mapesheni yakirundikwa mengi ya chini hupondeka. Msuko wake ulikuwa uleule na rangi ileile ya mwanzi mkavu. Mtu asiyeishi na matenga angeweza kulichanganya na mengine. Jastin aliishi nayo, kwa hiyo hakuwa na kisingizio, kama tutakavyoona.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kichwani mwake hamkuwa na nafasi ya matenga. Mlikuwa na magari. Aliyatambua kwa mlio kabla hayajatokeza kwenye kona. Kurasa za mwisho za daftari lake la hisabati zilijaa michoro ya magari ya spoti, yenye rimu pana na spoila nyuma, mpaka mwalimu akamwandikia kwa wino mwekundu: "Na hesabu ziko wapi?"

Sasa gari lilikuwa linatafutwa kweli nyumbani kwao. Bibi alikuwa ameanguka kwenye bodaboda wakati wa masika, akaumia goti. Tangu hapo mguu wake wa kulia haukukunjika vizuri, na daktari alitaka aje hospitali mjini kila mwezi. Bibi naye aliapa kwamba bodaboda hapandi tena hata kama inakwenda mbinguni. Wazazi wa Jastin walikuwa wakiweka akiba kwa muda mrefu. Ilitosha kununua gari lililotumika, moja, bila nafasi ya kukosea na kununua jingine.

Jioni moja walipokuwa wakila ugali na mboga, mjadala ulianza upya.

"Mimi nataka gari lenye damu," alisema baba yake, Wilfred. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani Mzinga, mtu mpole, lakini habari za injini zilimchangamsha. "Siyo gari ukikanyaga mafuta linaanza kufikiria."

"Lenye spoila, baba," Jastin alidakia.

"Spoila italiwa na nani?" Mama aliuliza. "Mimi sina maneno mengi. Mama yangu akae kiti cha mbele, kiti kisogezwe nyuma, anyooshe mguu. Sisi watatu, mmoja aendeshe, wawili wakae nyuma. Na tenga la machungwa liingie kwenye buti. Gari lisiloingia tenga si gari letu, hata liwe la dhahabu."

"Basi tununue Probox," alisema Baba, akicheka.

Jastin aliacha kutafuna. Probox, gari ambalo wengi hulifanya teksi, ilikuwa na nafasi ya kutosha, hilo hakubisha. Lakini alishafikiria namna Nasibu, rafiki yake, atakavyomngoja getini shuleni na kuuliza nauli ni shilingi ngapi.

Alhamisi Mama aliondoka kwenda kijijini kuvuna machungwa pamoja na Bibi. Kabla hajatoka aliacha maagizo. Jumamosi Baba na Jastin waende kwa Hashimu, dalali wa magari, waangalie gari ambalo Baba alikuwa amelisikia sifa zake. Waende na tenga. Likiingia, wampigie simu. Jumapili gari liletwe mlimani, kwa kuwa gari la kwenda mlimani hujaribiwa mlimani. Mambo yakiwa sawa, Bibi atashuka nalo, na Jumatatu litalipiwa.

Ijumaa, wakitoka shule, Jastin na Nasibu walipitia kwenye yadi ya Hashimu kuchungulia. Gari lilikuwa pale. Lilikuwa jekundu, limeinama mbele na kuinuka nyuma, na rimu zake ziling'aa hadi mtu akauona uso wake humo.

"Oya, hii ndinga!" Nasibu alisema, akishika kichwa. "Mkinunua hii, mimi kila asubuhi nakusubiri kwenu."

Jastin alizunguka nyuma. Hashimu, ambaye hakuwa na mteja saa ile, aliwafungulia buti kwa ukarimu. Hapo furaha ya Jastin ilipungua. Paa lilishuka sana nyuma, na mdomo wa buti ulikuwa mwembamba. Hakuhitaji futi wala kamba. Macho yaliyozoea matenga kila jioni yaliona mara moja kwamba tenga la machungwa halitapita.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi Baba alipomwambia, "Jastin, kalete tenga," alikwenda ukutani akasimama kidogo. Mkono wake ulipita matenga makubwa ukachukua lile la mapesheni. Alijiambia kwamba Mama alisema "tenga" tu. Moyoni alijua Mama alisema tenga la machungwa, na alijua kwamba anajua.

Hashimu alipowaona wakiingia yadi na tenga alicheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani Waluguru! Wenzenu wanakuja na fundi wa gereji, nyinyi mnakuja na tenga!"

"Ndiyo fundi wetu," alijibu Baba. "Fungua buti."

Tenga la mapesheni liliingia, likabaki na nafasi ya kiganja kila upande. Baba alilitazama kwa muda. Akaligusa ukingo kwa kidole, akautazama mdomo wa buti, kisha akatazama rimu.

"Limeingia," alisema Baba.

"Limeingia," alisema Jastin.

Wakalipeleka gari barabara ya Bigwa na kurudi. Baba aliendesha, na injini ilipopandisha sauti Jastin alipiga makofi. Baba alicheka kama kijana, kitu ambacho Jastin hakukiona mara nyingi, na kwa muda wa safari ile fupi tenga lilisahaulika. Jioni Baba alimpigia simu Mama. Mama alifurahi sana. Sauti ya Bibi ilisikika nyuma yake ikisema kwamba basi na yeye anasuka tenga jipya, maana gari jipya lisibebe tenga kuukuu. Jastin hakumaliza chakula chake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Hashimu aliwachukua na gari jekundu. Safari hii ndefu aliendesha mwenyewe, kama ilivyo desturi ya dalali kabla hajalipwa. Hadi Mkuyuni alipiga mluzi. Walipoiacha barabara kubwa na kuanza kupanda kwa Bibi, mluzi ulikoma. Njia ilikuwa na mawe na makorongo ya mvua, na tumbo la gari lilikwaruza chini, krrr, halafu tena krrr. Kila lilipokwaruza Hashimu alifumba jicho moja.

"Limeshuka kidogo," alisema.

"Limezaliwa limeshuka," alijibu Baba, bila kucheka.

Mama alikuwa bado shambani waliposimama uani. Bibi aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mguu wa kulia ameunyoosha, fito za mwanzi zimemzunguka.

"Tumsifu Yesu Kristu," Baba alibisha.

"Milele amina. Karibuni."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Na wewe, mume wangu," Bibi alimwambia Jastin, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kiume, "umekuja kuniposa na gari jekundu? Njoo unishikie hapa."

Jastin alimwamkia, akachuchumaa mbele yake. Bibi alimpa duara la mwanzi, ndio mdomo wa tenga, alishike lisifunguke. Kisha alilaza mkono wake ndani ya duara, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akaongeza shubiri moja, akafunga kwa kamba.

"Kwa nini unapima kwa mkono, Bibi?" Jastin aliuliza, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu.

"Kwa sababu mkono wangu haurefuki nikipenda pesa," alijibu Bibi. "Unazikumbuka habari za walanguzi wa hapa? Walikuwa wanapanda huku na matenga yao wenyewe. Ukiliona, tenga kama tenga lingine. Ukilijaza, linameza machungwa huku jirani anaita wengine waje kusaidia kujaza. Wanalipa bei ya tenga moja. Sisi tulilia. Mwisho wanawake wa huku tukakubaliana: machungwa yetu yanauzwa kwa tenga la mkono huu. Ndiyo maana mama yako pale sokoni hapimiwi tena. Akisema tenga, wateja wanajua ni tenga."

Jastin aliijua hadithi ile. Aliisikia tangu akiwa mdogo, na kila mara aliwachukia wale walanguzi. Siku hii aliisikiliza huku ameshika duara kwa mikono miwili, na uso ukawa unamwaka. Wao walileta tenga kubwa wakaliita la kawaida. Yeye alipeleka dogo akaliita la kawaida. Hakuona tofauti, ingawa aliitafuta kwa bidii.

"Bibi," alisema, "mimi nimefanya kama walanguzi."

Bibi aliacha kufunga. Jastin alimweleza yote: yadi, buti, ukuta wenye matenga, mkono wake ulivyopita makubwa ukachukua dogo. Alieleza haraka haraka, asije akaogopa katikati.

Bibi hakumgombeza. Alilichukua lile duara, akaliweka chini.

"Mimi si mwenye kesi," alisema. "Mwenye kesi yule anakuja."

Mama alikuwa anapanda kutoka shambani, kanga kiunoni, tenga lililojaa machungwa kichwani. Jirani mmoja alimfuata na lingine. Walipoyatua, Mama alilisogelea gari akitabasamu, akapitisha mkono juu ya paa lake jekundu.

"Ni zuri kweli," alisema. "Haya, Baba Jastin, shika huku tupakie."

"Subiri, Mama," alisema Jastin.

Alikwenda nyuma ya gari, akamwomba Hashimu afungue, akalitoa tenga la mapesheni lililokuwa limebaki humo tangu jana. Akaliweka chini, kando ya tenga la machungwa. Hapakuwa na haja ya kueleza mengi. Yakiwa pamoja, hata Hashimu aliona.

"Nililipima gari kwa hili," Jastin alisema. "Nilijua la machungwa halitaingia. Nilitaka tulinunue. Nisamehe, Mama."

Mama alitazama matenga, akatazama buti, akatazama goti la mama yake. Mwishowe alimgeukia mumewe.

"Na wewe Baba Jastin, hukuona?"

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kipimo cha nyumba ile kilikuwa kimeibiwa na watu wawili. Baba alikohoa.

"Niliona," alisema. "Kazi yangu ni vipimo, Mama Jastin. Nililigusa tu nikajua. Lakini nilikuwa nimeshalipenda gari. Nikasema moyoni, kama mtoto amesema ndilo, basi ndilo."

"Kwa hiyo ulijificha nyuma ya mtoto."

"Nilijificha," alikubali Baba, na mbele ya mkwewe lilikuwa jambo gumu kulitamka.

Mama alikuwa na hasira, tena hasira ya haki, lakini machungwa hayangoji hasira iishe. Walijaribu tenga kwenye buti, likagoma. Walijaribu mlango wa nyuma, ukagoma vilevile. Mama akaamua. Bibi na Baba washuke na Hashimu kwenye gari, kwa kuwa siku ya hospitali ni kesho. Yeye na Jastin watabaki na machungwa, wayashushe kwa miguu hadi barabarani, wapate lori la kuwapeleka mjini.

"Na wewe tenga lako ni lile," alimwambia Jastin, akionyesha la mapesheni. "Si uliliona linatosha?"

Jastin alilijaza machungwa, akajitwika, akashuka. Kata kichwani iliteleza, shingo ikauma, miguu ikajikwaa kwenye mawe yaleyale yaliyokwaruza gari. Akamwaga mzigo barabarani, akapanda, akajaza tena. Tenga dogo lilimlipisha safari nyingi ambazo kubwa lisingemlipisha. Mama alibeba lake kubwa akiwa mbele, lakini kwenye mteremko mkali alikuwa akisimama kumsubiri. Jioni walipopata lori, Jastin alisinzia begani kwake, na Mama hakuliondoa bega.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kwa Hashimu wote watatu. Bibi alikuja pia, kwa sababu daktari alimbakiza mjini wiki ile, akaketi kwenye kiti cha plastiki kivulini. Hashimu hakuwa na kinyongo. Biashara ya madalali ni maneno, na siku ile aliona maneno hayahitajiki.

"Mama, nina moja nyuma kule," alisema. "Watu hawalitaki. Bei yake imeshuka kuliko hata lile jekundu."

"Lina ugonjwa gani?"

"Halina ugonjwa. Ni gia za mkono. Mjini siku hizi kila mtu anataka gari linalobadili lenyewe."

Lilikuwa gari refu la familia, la kijani kibichi kilichofifia, limesimama juu ya magurudumu yake kama mtu aliyekunja suruali kuvuka mto. Halikuwa na spoila. Baba aliinua boneti, akainama kwa muda mrefu, akamwita fundi wa gereji ya jirani, naye akainama. Baba alipoinuka macho yalikuwa yanang'aa.

"Injini hii," alisema polepole, kama anayeogopa kuamini, "ina nguvu kuliko ya lile jekundu. Na magurudumu yote manne yanavuta."

"Jastin," aliita Mama. "Lete tenga."

Jastin alilitoa kwenye bajaji waliyokuja nayo. Mama hakulipokea mara moja.

"Hili ni tenga lipi?"

"La machungwa, Mama. Lile jipya alilomalizia Bibi hapa mjini. Lipime."

Mama alimtazama usoni, siyo kwenye tenga. "Sina haja," alisema. "Tia ndani."

Likaingia. Likabaki na nafasi ya mwenzake pembeni.

Lakini Mama hakumpa Baba ufunguo. Alifungua mlango wa dereva akaingia mwenyewe. Jastin alijua kwamba mama yake aliwahi kusoma udereva, ila hakuwahi kumwona akiendesha. Mama alikanyaga klachi, akatia gia, akatoka yadi taratibu. Walipofika kwenye kilima cha kwanza, alishusha gia hadi ya pili na kukanyaga mafuta. Gari lilinguruma likapanda kwa kasi iliyowabana wote kwenye viti. Bibi, mguu umenyooshwa mbele, alipiga kigelegele. Baba alishika mpini wa juu kwa mikono miwili.

"Mama!" Jastin alipiga kelele kwa furaha. "Kumbe unapenda mbio!"

"Nani alikuambia sipendi?" alijibu Mama bila kuondoa macho barabarani. "Hamkuniuliza. Mlikimbilia kunidanganya kwa tenga."

Aliegesha juu ya kilima ili injini ipumue. Chini yao mji ulionekana wote, na nyuma yao milima. Bibi aligeuka kwenye kiti, akamtazama mjukuu wake, kisha kidogo akamtazama na mkwewe, maana maneno yalikuwa ya wote wawili.

"Mume wangu, sikiliza," alisema. "Kupenda gari zuri si kosa. Ukipenda kitu, kitetee kwa maneno. Sema, 'Mama, mimi nataka lenye mbio.' Mama yako atabisha, wewe utabisha, na mtakapochoka kubishana mtapata la kati, kama hili. Lakini usikitetee kwa kupunguza tenga. Maneno ya mtu tunaweza kuyakataa. Kipimo tumekiamini, hatukichungulii tena. Ndiyo maana anayekiharibu huwaumiza hata wasiokuwepo."

"Nimesikia, Bibi," alisema Jastin.

"Tumesikia, Mama," alisema Baba.

Jioni ile Jastin aliyaosha matenga kama kawaida, akayaanika ukutani. La mapesheni aliliweka la mwisho, peke yake, kwenye msumari aliougongelea yeye mwenyewe, mahali ambapo hakuna mkono ambao ungeweza kulichukua kwa bahati mbaya.